Dakika Sitini na Tano za Geuza

Fomu ya uokoaji iliyojazwa Ijumaa, tarehe 20 Januari 2023, ipo hadi leo katika jalada la kijani kwenye ofisi ya lango la hifadhi. Kisanduku cha nane kinauliza dalili ya kwanza ilionekana saa ngapi. Jibu, kwa kalamu ya bluu, ni saa 12:50 asubuhi. Kisanduku cha tisa kinauliza mgonjwa alianza kuteremshwa saa ngapi. Jibu ni saa 1:55 asubuhi.

Aliyeandika majibu hayo ni kiongozi wa misafara ya mlimani, mwanamume wa miaka arobaini na tisa, mfupi, mwenye midomo iliyopasuka kwa baridi na jua la huko juu. Mgonjwa ni kaka yake wa tumbo moja, aliyemzidi miaka kumi na mmoja. Katika dakika sitini na tano zilizo kati ya kisanduku na kisanduku, kiongozi huyo angeweza kumgeuza kaka yake, akashuka kwa miguu yake mwenyewe. Hakumgeuza. Ndizo dakika zilizomfikisha mbele ya kamati ya leseni mwezi Machi, na ndizo anazozirudia kila anapokaa na kaka yake sebuleni, akimtazama anavyokinyemelea kikombe cha chai kama mtu anayekamata kuku.

Wapagazi wanamwita Geuza. Ana miaka thelathini katika mlima huo, minane akibeba mizigo ya watu na ishirini na miwili akiongoza, na katika hiyo aliyoongoza amewarudisha wageni mia moja arobaini na watatu kabla hawajafika kileleni. Idadi anaijua kwa sababu humwandika kila mmoja katika daftari la jalada gumu: tarehe, mwinuko, sababu. Yumo jenerali mstaafu aliyetishia kumtia ndani. Yumo bibi harusi wa siku tisa ambaye mumewe aliamua kuendelea peke yake.

"Huyo nilimsikitikia," anasema Geuza. "Ugonjwa ungepona. Mume je?"

Wenzake huhesabu waliowafikisha juu. Kijiweni langoni, wanapongojea wageni, kuna utani wa siku nyingi: ukitaka picha ya kileleni usiende na Geuza; ukitaka kuja kuwaonyesha wajukuu hiyo picha, nenda naye. Hakuna mgeni hata mmoja aliyefia mikononi mwake.

Juu ya mita elfu nne kila kiongozi hupima vitu vitatu. Cha kwanza ni oksijeni ya damu, kwa kile kipimo kinachobana kidole. Cha pili ni mstari: mgeni anatembea hatua kumi, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, kama mlevi mbele ya askari. Cha tatu ni akili, na hapo kila mwongozaji ana lake. Fomu ya kampuni ilitaka mgeni ahesabu kurudi nyuma kutoka mia moja, akipunguza saba saba. Geuza aliiacha zamani. Yeye huuliza: mlango wa mbele wa nyumba yako unafunguka kuja ndani au kwenda nje? Mtu mzima wa akili husita, hufumba macho, husukuma hewa kwa mkono, kisha hujibu. Ambaye ubongo wake umeanza kuvimba kwa uhaba wa hewa hauoni huo mlango.

"Usimuulize mtu kazi yake," amekuwa akiwafundisha wasaidizi wake miaka yote. "Daktari usimuulize dawa. Dereva usimuulize barabara. Kazi imeshaingia kwenye mifupa. Itajibu hata mwenyewe akiwa ameshaondoka."

Kaka yake alifundisha hesabu kwa miaka thelathini na saba.

Baba yao alifariki Geuza akiwa na miaka kumi na miwili. Kaka ndiyo kwanza alikuwa ameajiriwa, akamchukua mdogo wake wakaishi katika nyumba ya walimu, vyumba viwili vilivyopakana na uwanja wa shule. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, meza ya kulia ilipanguswa na maswali yakaanza. Kumi na saba mara sita. Tisini na moja gawanya kwa kumi na tatu. Mdogo akipata, wanaendelea. Akikosa, wanaanza upya kutoka la kwanza. Fimbo haikuwapo. Sifa nazo hazikuwapo.

"Hatukuwa na mazungumzo mengine," anasema Geuza. "Watu na kaka zao wanaongea mpira. Sisi kumi na saba mara sita."

Hesabu hazikumwingia. Alimaliza shule kwa alama zisizompeleka popote, akaenda langoni kubeba mizigo, na kaka akamnunia mwaka mzima. Aliyewapatanisha ni bibi harusi wa kaka. Siku ya tatu baada ya kuolewa, mama huyo, ambaye hadi leo hana subira na watu wanaonuniana, aliwaita wote wawili, akawakalisha benchi moja na kuwaambia kwamba hatapika katika nyumba ambayo wanaume wawili wanapishana mlangoni kama paka. Wakasalimiana. Njaa ilikuwa imesaidia.

Kutoka dirisha la darasa la Mwalimu, kama kila mtu anavyomwita, mlima huonekana kuanzia mabegani kwenda juu. Kila mwaka aliwatoa wanafunzi uwanjani na kipimapembe kikubwa cha mbao, wakakokotoa urefu wake. Alikuwa akiupima mlima ambao hajawahi kuukanyaga. Alipokaribia kustaafu, wanafunzi wake wanne wa zamani, sasa watu wazima wenye kazi na vitambi, walimpa zawadi ya kuagana: safari ya siku sita hadi kileleni, nao wamsindikize. Kiongozi hakuhitaji kutafutwa.

Geuza alikataa mara mbili.

"Miaka sitini, Kaka. Magoti yako yanalia ukipanda ngazi za ofisi ya elimu."

"Yanalia kwa sababu ya ofisi ya elimu," alijibu Mwalimu.

Mara ya tatu alikubali, kwa masharti: apimwe na daktari, na afanye mazoezi miezi mitano. Mwalimu alibandika ratiba ukutani, akaifuata kama ratiba ya mitihani. Alfajiri alionekana akiuzunguka uwanja wa shule na begi lenye matofali mgongoni. Daktari hakuona kasoro. Mke wake aliona moja. "Ukatili," alimwambia shemeji yake. "Mtu ameshindwa kubeba ndoo ya maji miaka thelathini, leo anabeba matofali."

Walioondoka langoni Jumatatu ile ni wapandaji watano, wapagazi, Geuza, na msaidizi wake, mwanamke wa miaka thelathini na minne ambaye wapagazi humwita Msumari, kwa kuwa, wanasema, ukimpiga anazidi kuingia. Kazi ya msaidizi ni kutembea nyuma ya wote na kuangalia visigino. Kabla ya kuondoka Geuza alisoma kanuni zake kama kawaida, ya mwisho ikiwa ile inayojulikana kuliko zote: nikisema shuka, ni kushuka.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema Mwalimu kwa sauti ya darasani. "Ila hapa mkuu ni nani?"

Wanafunzi wake waliangua kicheko. Wapagazi walicheka. Geuza naye alicheka, akafunga mkanda wa begi lake, wakaondoka.

"Lilikuwa swali," anasema sasa. "Na mimi nililichukua kama mzaha."

Siku nne za kwanza hazina mengi. Mwalimu alitembea vizuri kuliko wawili kati ya wanafunzi wake, akala alichopewa, akawauliza wapagazi uzito wa kila mzigo na kuwajumlishia bila kuombwa. Jioni ya siku ya nne, katika kibanda cha tatu, kilicho mita elfu nne na mia sita, kipimo cha kidoleni kilisoma themanini na moja. Kwa mwinuko ule si haba. Mstari aliutembea sawasawa.

"Kichwa, Kaka?"

"Kipo mahali pake."

Hakikuwa mahali pake. Kilikuwa kikimgonga tangu kibanda cha pili, na alikuwa akimeza dawa za maumivu alizozificha ndani ya kasha la miwani. Hilo alilisema mwenyewe, wiki saba baadaye, na sababu hakuizungusha: "Ningesema, angenigeuza. Si ndiyo jina lake?"

Ijumaa waliondoka kibandani saa kumi alfajiri. Geuza mbele, Mwalimu wa tatu, Msumari nyuma. Njia ya mwisho ni kokoto tupu, mguu mmoja mbele, nusu yake unateleza kurudi. Saa 12:50 jua likiwa limeshatoka, wakiwa mita elfu tano na mia moja, Msumari aliupita mstari wote akamfikia kiongozi wake.

"Mkuu, mzee anakosa hatua."

"Amechoka."

"Wote wamechoka. Yeye anakwenda kushoto tu."

Geuza alisimamisha msafara, akatazama saa, kama afanyavyo kila anapoanza kumpima mtu, akarudi kwa kaka yake. Mwalimu alikuwa ameketi juu ya jiwe. Kipimo kilisoma sitini na nane. Kidole kikiwa baridi kipimo hudanganya, na hilo kila mwongozaji analijua. Alimsugua mkono, kikapanda hadi sabini na moja. Mstari haukupimika, kwa kuwa hapakuwa na sehemu tambarare ya hatua kumi. Ikabaki akili. Wanafunzi wanne walikuwa wamesimama hatua tatu tu kutoka hapo, wakisikiliza.

"Swali la mlango lilikuwa mdomoni," anasema Geuza. "Nikaona haya. Nimuulize Kaka, mbele ya watoto aliowafundisha, mlango wa nyumbani kwake unafunguka upande gani? Ni kumwambia umekuwa mtoto. Nikatafuta swali la heshima."

Swali la heshima alilolipata ni lile alilolijua tangu ana miaka kumi na miwili.

"Kaka, kumi na saba mara sita?"

Mwalimu aliinua uso. "Mia na mbili. Uliza la maana."

"Tisini na moja gawanya kwa kumi na tatu."

"Saba. Wewe ndiye uliyekuwa unalikosa hilo."

Wanafunzi walipiga makofi ndani ya glavu zao nene. Msumari hakupiga.

"Mkuu, muulize mlango," alisema kwa sauti ya chini.

"Si umesikia amejibu?"

"Nimesikia. Muulize mlango."

"Rudi nyuma, Msumari. Tunaganda hapa."

Akarudi nyuma. Anapoeleza sehemu hii hutazama mikono yake. "Cheo ni cheo. Nilisema mara mbili. Ya tatu ningepiga kelele, na sikupiga. Zile dakika si zake peke yake, mimi nina fungu langu."

Kilichofuata kilijulikana baadaye, kwa kuunganisha alichokiona kila mmoja. Kwenye saa moja na dakika ishirini Mwalimu alidondosha glavu ya kushoto na hakujua. Mwanafunzi mmoja aliiokota, akamvisha kidole kwa kidole. Kwenye saa moja na dakika arobaini alimwita mwanafunzi mwingine kwa jina la baba yake mwenyewe, marehemu. Yule akadhani anataniwa, akaitika. Hakuna aliyepeleka habari mbele. Walikuwa wamesikia hesabu zikijibiwa na kiongozi akiridhika, na nani alikuwa na sababu ya kuona zaidi ya Geuza? Msumari, wa mwisho kabisa, alihesabu mara kumi na moja ambazo fimbo ya kutembelea ya mzee ilichomekwa hewani.

Saa moja na dakika hamsini Mwalimu aliketi kwenye kokoto bila kuambiwa, akaanza kufungua zipu ya koti. Geuza alishuka mbio.

"Kaka. Mlango wa mbele wa nyumba yako unafunguka kuja ndani au kwenda nje?"

Mwalimu alimtazama kwa upole, kama anavyomtazama mwanafunzi anayechelewa kuelewa.

"Mlango gani?" alisema. "Shule imefungwa."

Geuza aliuliza swali jingine, na anasema hajawahi kuogopa jibu namna ile. "Kumi na tisa mara saba?"

"Mia thelathini na tatu," alijibu Mwalimu papo hapo, akaendelea kuvua koti.

"Nikajua nilikuwa nikiongea na nani muda wote," anasema Geuza. "Nilikuwa naiuliza meza yetu ya zamani. Nayo ilikuwa inajibu."

Walikuwa wamebakiza mita mia moja na sitini za mwinuko. Bango la kileleni lilionekana.

"Kaka, tunashuka."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Mimi ndiye mkubwa."

"Ndiyo, Kaka."

"Basi kaa chini."

Kuna watu mia moja arobaini na watatu ambao Geuza aliwageuza kwa maneno. Wa mia moja arobaini na nne alimgeuza kwa mikono. Alisema, "Nisamehe, Kaka," akampitisha mkono kwapani, akamwinua na kumwelekeza bondeni. Mwalimu alimpiga fimbo ya alumini shavuni. Kovu lipo, chini ya jicho la kulia, refu kama njiti ya kiberiti. Wanafunzi wanne waliliona pigo hilo. Mmoja alianza kulia. Msumari aliwaambia kilele kimefungwa kwa leo, na wote wakashuka. Ilikuwa saa 1:55.

Geuza alimchoma kaka yake sindano ya dharura juu ya suruali, akamvalisha barakoa ya oksijeni. Dakika ishirini Mwalimu alitembea akishikiliwa pande mbili, kisha miguu ikakataa, wakambeba. Walifika kibanda cha tatu saa tatu na dakika kumi. Hapo ipo machela ya gurudumu moja, na wapagazi sita waliishika, wakakimbia. Mtu mwenye uvimbe wa ubongo dawa yake kubwa ni kushuka, na kila mpagazi alilijua hilo.

Njia nzima Geuza alikimbia ubavuni, mkono mmoja kwenye machela, akiuliza. Kumi na saba mara sita. Kumi na saba mara sita, Kaka. Mwalimu hakujibu tena. Chini ya kibanda cha pili, anasimulia Msumari, mpagazi mmoja aliyeshika mpini wa mbele, mtu ambaye hazungumzi na wageni, hakuweza kuvumilia zaidi.

"Mia na mbili, Mkuu," alisema bila kugeuka. "Mia na mbili. Tukimbie."

Gari la wagonjwa lilikuwa likingoja mwisho wa barabara saa nane na dakika ishirini na tano mchana. Mwanafunzi mmoja, ambaye ni muuguzi, alipanda na Mwalimu. Geuza hakupanda. Kanuni ya hifadhi inasema kiongozi wa msafara haondoki langoni kabla ya kujaza fomu.

Ofisi ya lango ni chumba kimoja chenye kaunta, mizani ya kupimia mizigo na benchi la mbao. Karani alimpa fomu na kalamu, akaenda kutafuta wino wa mhuri. Msumari aliketi kando yake.

"Cha nane andika saa moja na nusu," alisema.

"Ilikuwa kumi na mbili na hamsini."

"Naijua ilikuwa ngapi. Nani mwingine anaijua? Wale wanne hawakutazama saa."

"Wewe unaijua."

"Mimi nimeshasahau."

"Msumari, wewe hujasahau kitu tangu nikujue."

"Watakuvua cheo, Mkuu. Na yeye haitamsaidia chochote."

Geuza aliandika. Anasema hakufikiria cheo. Alifikiri kwamba daktari angeisoma ile fomu, na saa ya uongo ingempa kaka yake dawa ya mgonjwa mwingine. Nakala ilifika hospitalini jioni ile.

Mwalimu alilazwa siku kumi na tisa, tano za kwanza bila fahamu. Daktari aliyemtibu ni mwangalifu wa maneno. Alipoulizwa kama saa moja ya mapema ingebadilisha hali, alisema kushuka mapema ni bora daima. Alipoulizwa kama ingebadilisha hali ya mgonjwa huyu, alisema hajui, na kwamba anayedai kujua anakisia. Geuza alimuuliza swali hilo mara nne, kwa maneno manne tofauti, na kila mara alipata jibu lile lile.

Mwenye swali fupi alikuwa shemeji yake, mke wa Mwalimu. Alilitoa siku Mwalimu alipoletwa nyumbani, wakiwa jikoni wawili tu, mlango umerudishwa.

"Uligundua saa ngapi?"

"Kumi na mbili na hamsini, shemeji."

"Ukamgeuza saa ngapi?"

"Mbili kasoro dakika tano."

Mama huyo alirudi kwenye karai akaosha vyombo vyote vilivyokuwamo, na viwili vilivyokuwa safi. Kisha alimimina chai vikombe vitatu. "Peleka chake," alisema. "Mshikie mpaka kiwe mkononi. Usikiachie mapema." Hajaliuliza tena.

Leo Mwalimu anaongea vizuri, akichelewa kidogo kwenye majina ya watu. Akili ya hesabu iko pale pale. Huwasahihishia madaftari watoto wa jirani akiwa kitandani. Kilichoharibika ni usawa wa mwili. Hawezi kusimama gizani bila kushika kitu, mkono wa kushoto hufika mahali kabla au baada ya kitu anachokitaka, na akitembea huenda kama mtu aliye ndani ya basi. "Nimekuwa mlevi," huwaambia wanaokuja kumwona, "nisiyepata hata raha ya kulewa." Wageni hucheka. Mdogo wake huangalia pembeni.

Kuhusu lile pigo la fimbo, Mwalimu anasema halikumbuki. Mke wake anasema analikumbuka vizuri sana.

Kamati ya leseni ilikaa Jumanne, tarehe 14 Machi. Mbele yake palikuwa na fomu, maelezo ya Msumari, na barua ya ukurasa mmoja kutoka kwa Mwalimu, iliyoandikwa kwa mkono wa kulia na kupigiwa mistari kwa rula. Ndani yake alikiri kuhusu kasha la miwani. Aliandika kwamba katika hesabu, ukipewa takwimu za uongo, kosa la jibu si la mkokotoaji. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti, kisha akamuuliza Geuza kama ana la kuongeza.

"Kaka yangu ananitetea," alisema Geuza. "Lakini kipimo cha tatu hakikuhitaji aseme ukweli. Kilihitaji mimi niulize. Msaidizi wangu alinikumbusha mara mbili."

"Kwa nini uliandika kumi na mbili na hamsini?"

"Ndiyo saa yenyewe."

Katibu wa kamati alikuwa amefanya kazi ambayo hakuagizwa. Alipitia jalada lote la kijani, fomu mia mbili na kumi na mbili za miaka kumi na minane. Katika fomu mia mbili na kumi na moja, kisanduku cha nane na cha tisa havijapishana zaidi ya dakika kumi. Ama waongozaji wa mlima ule huona na kugeuza papo hapo, ama hawaandiki wanachokiona. Aliyasema hayo bila kupaza sauti, akaketi. Wanakamati watatu kati ya watano wamewahi kuwa waongozaji.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki mbili. Geuza amevuliwa uongozi mkuu kwa mwaka mmoja, na anaruhusiwa kupanda kama msaidizi tu. Lile swali la kupunguza saba saba limefutwa kwenye fomu za kampuni zote, na mahali pake pana nafasi tupu yenye maelekezo: swali lisilohusu kazi ya mgeni, hata kama mgeni ni ndugu, mkubwa au kiongozi. Kijiweni wanamwonea huruma, na wapo wanaomkasirikia. "Ametuharibia," anasema mwongozaji mmoja wa siku nyingi. "Sasa kila fomu tutakayojaza watatutolea saa mfukoni, watuhoji dakika." Geuza anakaa benchi lile lile na wote, anakunywa chai, anasikiliza.

Mara tatu kwa wiki, saa kumi na moja jioni, huenda kwa kaka yake. Huondoka wote wawili hadi ukuta wa shule, Mwalimu akiwa amemshika bega, na kuufuata ukuta hadi kona na kurudi. Mazoezi hayo ameyaagiza daktari wa viungo. Wiki ya kwanza walimaliza nusu ya ukuta. Sasa wanaumaliza wote, kwa dakika kumi na nane. Hawaulizani hesabu. Geuza anasema bado hawajapata cha kuongea badala yake, kwa hiyo muda mwingi wananyamaza, na Mwalimu akipepesuka husema "subiri," naye husubiri.

Hajaamua kama ataomba kurudishiwa cheo mwaka ukiisha. Kazi ya usaidizi ameikubali bila sharti.

Msafara wake wa kwanza tangu Januari utaondoka langoni Jumamosi, tarehe 10 Juni, saa mbili asubuhi, na wageni sita. Msumari ataongoza. Geuza atatembea nyuma ya wote, akiangalia visigino.